Gombe ina kitabu cha Kiswahili, hatujakichapa tu

Tangu Jane Goodall, Mwingereza aliyewachunguza sokwe wa Gombe, afariki dunia Oktoba 1, 2025, akiwa na umri wa miaka 91, vitabu vyake vimerudi midomoni mwa watu. Hapa Kigoma jina lake halikuwahi kupotea, lakini sasa hata wale waliokuwa wakilisikia kwenye matangazo ya utalii tu wanauliza vitabu vyenyewe vinapatikana wapi. Wapo walioipeleka hoja mbele zaidi: vitafsiriwe, vichapwe kwa wingi, vigawiwe kwenye shule za Kigoma na Tabora ili watoto wajue thamani ya misitu iliyo jirani nao. Wapo pia wanaozungumza kwa huzuni kwamba hadithi ya Gombe imekwenda na mwenyewe. Nia zote ni njema, ila makundi yote mawili yanakubaliana kwenye jambo moja ambalo mimi sikubaliani nalo, kwamba maarifa ya kusomeka kuhusu mazingira ya huku magharibi yako kwenye vitabu vya wageni na sisi kazi yetu ni kuvipokea. Vitabu hivyo vinatuhusu sana, na tunapaswa kuvisoma kama mtu anavyosoma hati ya kiwanja chake, mstari kwa mstari, kuona mipaka imewekwa wapi na nani kaandikwa jirani. Lakini kitabu tunachokikosa kuliko vyote hakihitaji kuagizwa nje wala kutafsiriwa. Kimeshaandikwa, kwa mkono, kwa Kiswahili, na wenyeji wa huku huku ziwani, kwa muda wa nusu karne. Ni madaftari ya Gombe, yale ya wasaidizi wa utafiti wa sokwe.

Tuanze na kile ambacho tayari kipo sokoni. Gombe ni hifadhi ndogo, kilomita za mraba 50 na kitu, ukanda wa vilima na mabonde unaoshuka hadi kwenye kokoto za Ziwa Tanganyika. Lilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1943, likawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Goodall alifika Julai 14, 1960, akiwa na mama yake, Vanne, kwa sababu serikali ya wakati huo ilikataa msichana wa Kizungu akae porini peke yake, na akiwa na mpishi aliyeitwa Dominic. Kitabu chake kilichompa jina, In the Shadow of Man cha mwaka 1971, watu wengi wanakifungua wakitafuta sokwe. Wanafika haraka kwenye lile tukio la Novemba 1960, pale sokwe aliyempa jina la David Greybeard alipochomeka unyasi kwenye kichuguu, akautoa ukiwa umejaa mchwa, akawalamba, na wanasayansi wakalazimika kuifikiria upya ile kauli yao kwamba binadamu pekee ndiye atengenezaye zana. Ni tukio kubwa, silipunguzi. Ila msomaji wa Kigoma akisoma bila haraka ataona kabla ya hapo kurasa zinazomhusu zaidi. Goodall na mama yake walipoingia mjini Kigoma walikuta mji umejaa Wabelgiji waliokimbia machafuko ya Kongo, wakashiriki kuwatengenezea mikate ya kula, wao wenyewe wakapiga hema kwenye uwanja wa gereza. Walipofika Gombe, mama mtu akafungua kibanda cha dawa ndogondogo, na wavuvi waliokuwa wakianika dagaa ufukweni wakawa wateja wake. Mji wa mpakani unaopokea wakimbizi, ufukwe wenye wavuvi, kijiji kisicho na zahanati: hiyo ndiyo Kigoma tunayoijua hadi leo, na imo ndani ya kitabu ambacho dunia nzima inakiita kitabu cha nyani.

Sasa turuke hadi Mei 19, 1975. Usiku huo waasi kutoka Zaire, kundi la Laurent Kabila yule yule aliyekuja kuwa rais, walivuka ziwa kwa boti wakawateka vijana wanne waliokuwa wakifanya utafiti Gombe. Wote waliachiwa baadaye, lakini baada ya tukio lile watafiti wa kigeni waliondolewa, na kwa kipindi kirefu hata Goodall mwenyewe alikuwa anakuja kwa muda mfupi tu. Kwa hesabu ya kawaida utafiti ulipaswa kufa pale. Haukufa, kwa sababu kulikuwa na Watanzania walioajiriwa kama wasaidizi ambao tayari waliijua kazi kuliko wengi wa waliowafundisha. Mmoja wao, Hilali Matama, ndiye aliyeshuhudia Januari 1974 madume ya kundi la Kasakela yakimvamia dume wa kundi la Kahama aitwaye Godi na kumpiga hadi kumwacha hoi. Mapigano yale yaliendelea mpaka mwaka 1978, kundi la Kahama likaisha kabisa, na picha ya sokwe kama kiumbe mpole kuliko binadamu ikaisha nalo. Sehemu kubwa ya habari hizo zimefika duniani kwa sababu watu wa huku walikuwa kwenye kichaka, kalamu mkononi.

Kazi yenyewe inafaa kuangaliwa kwa karibu. Msaidizi anaamka kabla ya mapambazuko, anapanda kilima hadi chini ya mti ambao sokwe aliyechaguliwa siku hiyo alijenga kiota chake jana jioni. Sokwe akishuka, anafuatwa. Kila baada ya dakika 15 inaandikwa yuko wapi na yuko na nani. Katikati yake inaandikwa anakula nini, kwa muda gani, nani kamchokoza nani, nani kapanda nani, mtoto kanyonya au kakataliwa. Huenda hivyo mpaka jioni, sokwe anapokunja matawi na kulala, ndipo mwandishi anashuka ziwani gizani. Kesho yake anarudi chini ya mti ule ule. Maelezo marefu ya siku yameandikwa kwa Kiswahili, na kwa miaka mingi karatasi hizo zimehifadhiwa kwenye vyuo vikuu vya Marekani, zikatafsiriwa na kuingizwa kwenye kompyuta, zikazaa makala za kisayansi zisizohesabika kwa urahisi. Kwa hiyo tunapozungumzia kutafsiri Gombe kuja kwenye Kiswahili, tujue kwamba msafara umekuwa ukienda upande wa pili siku zote. Kiswahili ndicho kilichotafsiriwa. Msomaji wa Mwamgongo au Mtanga, vijiji vinavyopakana na hifadhi, ambaye huenda babu yake aliandika sehemu ya karatasi zile, ndiye asiye na mahali pa kuzisoma.

Na si mara ya kwanza. Ukanda huu una historia ndefu ya safari zilizoandikwa, na nusu moja ya historia hiyo tunaijua vizuri mno. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858. Stanley alimkuta Livingstone hapo hapo Ujiji mwaka 1871, mwaka uliofuata kitabu kikatoka, na tangu hapo kila mgeni anayeshuka Kigoma anapelekwa kwenye mnara chini ya miembe. Njia yao yote ilipita Tabora, Kwihara na Unyanyembe, mikononi mwa viongozi wa misafara kama Sidi Mubarak Bombay ambaye alijua lugha, njia na tabia za watawala kuliko mabwana waliomwajiri. Nusu ya pili ya historia hiyo tumeiacha kwenye maktaba za vyuo. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapa mkusanyiko wa safari za Waswahili zilizoandikwa na Waswahili wenyewe. Humo yumo Selemani bin Mwenye Chande na safari yake ya bara, na yumo Salim bin Abakari aliyekwenda Urusi hadi Siberia, akaiandika baridi ile kwa Kiswahili cha pwani. Tippu Tip naye alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na sehemu kubwa ya maisha hayo ni barabara ya Tabora. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watu, na kitabu chake hakiombi msamaha; anayekisoma asitegemee kumpenda. Lakini angalia anachokiandika: njaa ilikuwa wapi, hongo ya kupita ilikuwa kiasi gani, chakula kilipatikana kwa nani, nani alikuwa na ugomvi na nani. Hana hata aya moja ya kusifia machweo. Nikilinganisha na vitabu vingi vya safari vya siku hizi kuhusu Ziwa Tanganyika, ambamo jua linazama kila sura na mwenyeji anatokea akiwa amebeba mzigo au anatabasamu, naona yule mzee mkavu alitazama nchi kwa makini zaidi.

Hapo ndipo inapokuja hoja ya wale wanaosema vitabu vya wageni vituondokee kabisa, vina ukoloni ndani yake. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Katika vitabu vingi vya mazingira ya Afrika, pori ni safi mpaka pale mwenyeji anapoingia na panga. Watongwe waliishi kwenye milima ya Mahale kabla haijawa hifadhi ya taifa mwaka 1985, walikuwa na mashamba, matambiko na majina ya kila mti. Msomaji wa vijarida vya utalii atadhani milima ile ilikuwa inawasubiri sokwe na mahema ya kifahari. Au chukua habari ya Frodo. Wapenzi wa sokwe duniani walimjua tangu akiwa mtoto, dume shupavu wa ukoo wa Fifi, aliyepigwa picha kuliko nyota wa filamu. Mei 2002 Frodo alimnyakua mtoto mchanga wa binadamu ndani ya hifadhi na kumuua. Familia ile ilikuwa ya mfanyakazi wa hapo hapo. Habari hiyo haikufichwa, iliandikwa, lakini kwa wasomaji wa mbali ilibaki doa kwenye wasifu wa Frodo. Kitabu ambacho kingeandikwa kutoka kijijini kingeanzia kwa mama wa mtoto yule, halafu kingekuwa na kazi ngumu ya kueleza kwa nini, pamoja na hayo, sokwe wasiuawe.

Hata hivyo kuvikataa vitabu hivyo ni kujinyima ushahidi. Watafiti wa Kijapani walioanza kazi Mahale mwaka 1965 chini ya Toshisada Nishida walichapa mwaka 1981 orodha ya mimea kwa majina ya Kitongwe. Kijana wa Kitongwe aliyezaliwa mjini na anayetaka kujua bibi yake aliokota nini mlimani, mojawapo ya mahali pa kuanzia ni pale, kwa watu waliotoka Kyoto. Inaudhi kidogo, nakubali. Lakini anayeudhika aandike orodha ndefu zaidi wakati wazee bado wapo.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayotolewa kwa sauti ya mwenye uzoefu: Watanzania hawasomi, kwa hiyo kuchapa kitabu cha mazingira ni kuchoma pesa. Nimeisikia kwa walimu, kwa wauza vitabu, na mara nyingi kwa watu ambao wao wenyewe wanasoma simu kuanzia asubuhi. Ukiingia kwenye duka la vitabu la Kigoma au Tabora utakuta vitabu vya mitaala, madaftari, kalamu, Biblia, Kurani, vijitabu vya dua na vya ujasiriamali. Mteja ananunua kilichopo. Hawezi kukataa kitabu ambacho hajawahi kuwekewa mbele yake. Na wanaodai kwamba vitabu ni mambo ya Dar es Salaam wasahau kwanza Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, ambako mitambo ya misheni ya Kikatoliki ilichapa vitabu vya Kiswahili kwa miongo mingi. Ukikuta kitabu cha zamani chenye herufi TMP na neno Tabora ukurasa wa mbele, vya dini vingi na vya mila na desturi kadhaa, hapo ndipo kilipotoka. Vilisomwa, ndiyo maana vimechanika. Kuna ushahidi mwingine ulio wazi zaidi. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika ziliposimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, Kigoma nzima ilijadili biolojia ya dagaa. Kwenye mwalo wa Kibirizi, kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa Ujiji, watu walibishana dagaa anazaa lini, migebuka anakula nini, na kama ni kweli samaki wamepungua au wamehama kwenda upande wa Kongo. Wanaobishana hivyo ni wasomaji ambao hawajapewa kitabu.

Ubishi ule unastahili tuukalie kidogo, kwa sababu ndipo inapojibiwa hoja nyingine nzito: kwamba maisha endelevu ni vitendo, mvuvi na mfugaji nyuki hawahitaji kitabu kuwafundisha wanachokifanya tangu enzi za mababu. Upande mmoja ni kweli. Mvuvi wa dagaa anavua kwa taa, zamani karabai na sasa taa za betri na sola, na mbalamwezi ikiwa kubwa anapumzika kwa sababu mwanga wa taa haumvuti samaki. Ziwa limekuwa likifungwa siku kadhaa kila mwezi na mwezi wenyewe, kabla ya waziri yeyote kutoa tangazo. Lakini yapo mambo ya ziwa ambayo jicho la mvuvi haliwezi kuyafikia hata akivua miaka 60. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na samaki wanaishi kwenye tabaka la juu tu. Ukishuka kupita mita 100 au 200 hivi, kutegemea uko kaskazini au kusini, hewa ya oksijeni inakwisha na chini yake ni maji yasiyo na samaki. Rutuba nyingi iko huko chini. Inapanda juu pale upepo wa kusi, kati ya Mei na Septemba, unaposukuma maji ya juu kuelekea kaskazini na maji baridi ya chini yakapanda upande wa kusini. Rutuba ikipanda, mimea midogo ya majini inastawi, vijidudu vinakula mimea, dagaa wanakula vijidudu, migebuka wanakula dagaa, sisi tunakula wote.

Maji ya juu yakiwa na joto zaidi yanakuwa mepesi, na upepo unashindwa kuyachanganya na ya chini. Mwaka 2003 watafiti walichapa matokeo yaliyoonyesha kwamba joto la ziwa limepanda na mchanganyiko huo umepungua, wakakadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo umeshuka kwa asilimia 20 hivi na kwamba hilo lingeweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi. Sasa rudi kijiweni Ujiji. Mmoja anasema tatizo ni nyavu haramu, mwingine anasema ni Wakongo, mwingine anasema ni serikali. Hakuna anayetaja joto, na hakuna sababu ya kumlaumu, kwa kuwa maelezo hayo yako kwenye majarida ya Kiingereza ya kulipia. Ukilijua hilo la joto, mjadala wa kufunga ziwa unabadilika pande zote mbili. Serikali haiwezi kuahidi kwamba kufunga peke yake kutarudisha samaki wa enzi za babu. Mvuvi naye hawezi kusema kwamba kwa kuwa samaki wanapungua kwa sababu nyingine, basi avue hata wachanga; ziwa lenye chakula kidogo linavumilia makosa machache zaidi. Kitabu cha kurasa 100 chenye maelezo hayo na michoro mizuri kingefanya kazi ambayo mikutano ya hadhara haijaifanya.

Vivyo hivyo kwa nyuki wa Tabora, na hapa mambo ni magumu kuliko vitabu vingi vya maisha endelevu vinavyokubali. Mzinga wa asili wa gome unapatikana kwa kumenya gome la mti wa miombo kwa mzunguko, kipande kirefu kinachotoka kama bomba, kisha kinafungwa kwa vijiti na kuning'inizwa juu ambako moto na nyegere hawafiki. Mti uliomenywa hivyo unakufa. Mwanaharakati akiupiga picha ana hoja ya kumaliza mjadala. Lakini mrina asali huyo huyo ndiye anayekasirika mtu akija kukata mtundu na myombo kwa ajili ya mkaa au kuni za mabani ya tumbaku, maana miti hiyo ikichanua ndipo riziki yake inapoanza. Anaua mti mmoja na kulinda mia. Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki, kuna mizinga ya masanduku inayosambazwa, na kuna wazee wanaosema nyuki wanapenda gome kuliko ubao. Yote hayo ni malighafi ya kitabu kizuri, na kitabu hicho kinahitaji mwandishi atakayekaa Sikonge msimu mzima, asiye na haraka ya kumtangaza mshindi.

Nikisema hivyo simaanishi tafsiri hazina maana. Hoja ya tafsiri ndiyo yenye nguvu kuliko zote zinazopinga msimamo wangu: kitabu kilichokwisha kuandikwa vizuri kinaokoa miaka, na mtoto wa Kasulu hana sababu ya kusubiri mpaka sisi tumalize kujipanga. Nakubali, kwa masharti. Vitabu vya mazingira havifanani. Thoreau, Mmarekani aliyejenga kibanda kando ya bwawa huko Massachusetts mwaka 1845 na kutoa kitabu mwaka 1854, anasomeka vizuri na ana hesabu nzuri za gharama zake, ila anazungumza na mtu aliyechoshwa na vitu. Wafuasi wake wa leo ndio zaidi: punguza nguo, acha gari, panda mboga kibarazani. Mpe mama wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, anayetumia ndoo moja ya plastiki mpaka ipasuke kisha anaishona, atakuuliza hicho kitabu ni cha kuchekesha? Kwake swali ni gunia la mkaa limepanda, gesi mtungi unajazwaje kwa fedha za siku, na lile lengo la Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024, asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, litamfikia yeye kwa njia gani. Wangari Maathai katika kumbukumbu zake za mwaka 2006 yuko karibu zaidi. Anaeleza mtini mkubwa wa kijijini kwao na kijito kilichokuwa chini yake, na jinsi mti ulipokatwa kijito kikakauka. Hiyo ni habari ya chanzo cha maji, na kila kijiji cha Buhigwe na Kakonko kina habari yake kama hiyo. Kama fedha za tafsiri ni za kitabu kimoja, ningempa huyo kabla ya Thoreau, na hata kabla ya vitabu vya mwisho vya Goodall, vile vya matumaini, ambavyo kwangu vimejaa maneno mazuri kuliko vitu vya kuona. Kile cha mwaka 1971 ndicho cha kutafsiri, pamoja na gereza, mikate na kibanda cha dawa.

Ila tafsiri ina mwisho wake. Inamfundisha msomaji wa huku kwamba mtazamaji ni mtu anayetoka mbali na mtazamwa ndiye jirani. Baada ya vitabu vitano vya namna hiyo mtoto hajiulizi kwa nini yeye hayumo kati ya wanaotazama. Madaftari ya Gombe yanavunja mpangilio huo bila hotuba yoyote, kwa kuwa humo aliyetazama ni mtu wa Kigoma na aliyeandika ni yeye.

Najua pingamizi la mhariri: karatasi za namna ile zinachosha, saa hii kala, saa hii kalala, nani atanunua? Ni kweli hazisomeki kama zilivyo. Zinahitaji mtu wa kuchagua siku, tuseme siku ya vita, siku ya kuzaa, siku ya mvua ambayo hakuna kilichotokea, akaziweka pamoja na kumbukumbu za wasaidizi walio hai, waliostaafu na kurudi vijijini kwao. Zinahitaji ramani ya mabonde, Kasakela, Mkenke, Kahama, na maelezo mafupi ya nani ni mtoto wa nani. Hiyo ni kazi ya uhariri ya kawaida kabisa, na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina watu wanaoiweza. Taasisi ya Jane Goodall, TANAPA na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori zina cha kusema kuhusu ruhusa, kwa sababu data zina wenyewe na watafiti wengine bado wanazifanyia kazi. Suala gumu ni la haki za waandishi. Walilipwa mshahara wa kukusanya takwimu, hawakulipwa kama waandishi, na kitabu kikitoka jina la nani liwe juu ya jalada? Msimamo wangu ni kwamba majina yao yawe juu, mhariri awe chini kwa herufi ndogo, na fedha ziende kwao au kwa familia zao kwa mkataba ulioandikwa.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere imeonyesha kwamba serikali inaweza kulipia uchapaji wa kitabu kizuri cha Kiswahili na kukifikisha shuleni. Ila tuzo hiyo ni ya uandishi bunifu, riwaya na ushairi na hadithi za watoto. Mtu aliyetumia miaka kumi kuandika kuhusu Mto Ugalla au misitu ya Masito hana kundi la kuingia. Kuongeza kundi la maandishi ya kweli, ya safari na ya mazingira, hakuhitaji sheria mpya. Nina hakika mwaka wa kwanza yatakuja maandiko mabovu mengi, yenye sura nzima za kunukuu sera na maneno kama mdau na mnyororo wa thamani, na majaji watalalamika. Mwaka wa tatu yatakuja mawili matatu ya maana.

Na kwa madaftari, mahali pa kuanzia ni miezi ile iliyofuata Mei 1975. Wageni wameondoka, askari wako ufukweni, hakuna anayejua kama waasi watarudi, na kuna Watanzania wachache ambao hakuna aliyewaahidi kwamba ajira ipo mwaka ujao. Walipanda mlima asubuhi wakaandika. Sura hiyo peke yake, yenye kurasa 80 na picha chache, ingeuzwa Kibirizi kwenye foleni ya boti za kwenda kaskazini kwa bei ya soda mbili, na ningetaka kuona nani atasema haina wasomaji.